Ziara ya Chala na Jipe: Maji ya Mlima Hutoka Wapi?

Wenzangu katika kurasa zilizotangulia wamekuandalia mashairi na vitendawili. Mimi si malenga. Nimeshika kalamu kukueleza juu ya ziara ya Chama chetu cha Kiswahili kule Taveta, miji na vijiji vya kando ya maziwa chini ya Mlima Kilimanjaro, na jambo moja ambalo nililiamini tangu darasa la tano, kumbe nilikuwa nimepotoka.

Ubishi ulianzia darasani. Mwalimu wetu wa Jiografia alichora duara ubaoni, akasema, "Hili ni Ziwa Chala. Hakuna mto unaoingia wa kusemwa, wala hakuna mto unaotoka. Liko katika nchi kavu kama hii yetu. Nani ataniambia maji yake hutoka wapi?" Mikono kumi ikainuka, wangu ukiwa wa kwanza. Nikajibu kwa sauti kubwa, "Ni theluji ya Kilimanjaro ikiyeyuka, mwalimu!" Darasa zima likakubaliana nami. Mwalimu alitabasamu tu, akasema, "Tutakwenda tukaulize mlima wenyewe."

Basi safari ya mwaka, ambayo kwa desturi huwa ya Mombasa, ikageuzwa kuwa ya Taveta. Baadhi yetu tulinung'unika. Nani aache bahari aende kutazama shimo? Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na kutembea je?

NJIA TULIYOPITA

Sisi ni wanafunzi wa kutwa, kwa hiyo kila mtu alitoka kwao na tochi yake usiku huo wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Saa tisa tulikuwa uwanjani. Nilipopita njiani nilikutana na kina mama na punda wao wakielekea mtoni. Msomaji wa Kathonzweni haitaji kuelezwa. Mto wetu ni wa msimu. Mvua ikikoma, maji hubaki chini ya mchanga, na lazima uchimbe, ungoje yajikusanye, uchote kwa kikombe. Anayechelewa hukuta foleni. Mama yangu alikuwa ameondoka saa nane.

Tulitokea barabara kuu ya Mombasa pale Makindu, tukapita Kibwezi na Mtito Andei. Mkono wa kulia tuliona vilima vya Chyulu vikianza kupata rangi ya asubuhi. Nakuomba uvikumbuke vilima hivyo, maana nitavirudia. Huko Voi tuliiacha barabara kuu tukakata kulia kwenda Mwatate, Bura na Maktau. Kutoka Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110, na sehemu ya njia hiyo hupita katikati ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Sambamba nayo kuna reli iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Karibu na Maktau gurudumu la nyuma likapasuka. Dereva na utingo wake walihangaika karibu saa mbili. Tulikuwa tumeahidiwa kuuona mlima tukiwa hapo, lakini gari lilipokuwa tayari mlima ulikuwa umefunikwa gubigubi na mawingu. Tukaanza kulalamika, "Jamani, tumekuja kuona Kilimanjaro au kuona mawingu?" Mwalimu akageuka akasema, "Yaangalieni vizuri hayo mawingu. Hayo ndiyo ziwa lenyewe." Hakuna aliyemwelewa. Tulidhani anatufariji.

MJI WA TAVETA

Taveta ni mji wa mpakani. Ukivuka tu, uko Holili, Tanzania. Tulilala katika madarasa ya shule moja, na Jumamosi adhuhuri, baada ya kutoka ziwani, tulitembelea soko. Siku za soko kuu ni Jumatano na Jumamosi. Wanunuzi hutoka hata Mombasa kufuata ndizi. Niliona mikungu mirefu kuniliko imepangwa kama kuni. Vitunguu, nyanya, mchele na maharagwe vilikuwa tele, na Kiswahili cha pale kina ladha ya pande mbili za mpaka. Kila mtu mzima huamkiwa "Shikamoo", na usipoamkia hupimiwi vizuri!

Nilijiuliza ndizi zote hizo zinapata wapi maji, kwa sababu tuliyopita njiani yalikuwa majani makavu na miiba kama ya kwetu. Jibu ni chemchemi. Pale Taveta maji hububujika kutoka ardhini, kama vile chemchemi ya Njoro Kubwa, na wakulima huyaongoza kwa mifereji hadi mashambani. Ndiyo maana tangu zamani misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipumzika hapa. Mvumbuzi Joseph Thomson alipita hapa mwaka 1883 akielekea nchi ya Wamaasai.

Kwa wapenda historia, Taveta ina mengi. Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani kutoka Tanganyika yaliuteka mji huu. Februari 1916 Waingereza na wenzao walijaribu kukitwaa kilima cha Salaita wakashindwa, na mwezi Machi mwaka huohuo ndipo walipofaulu kuwasukuma Wajerumani nyuma. Makaburi ya askari wa vita hivyo yapo mjini hadi leo. Babu zetu wengi wa Ukambani walichukuliwa katika vita hivyo kuwa wapagazi wa Kariakoo, na wengi hawakurudi.

ZIWA CHALA

Sasa tuje kwenye ziwa. Jumamosi tuliamshwa alfajiri. Tulipotoka nje, lo! Mlima ulikuwa wazi wote, Kibo na Mawenzi, bila wingu hata moja. Kibo ndicho kilele kirefu kuliko vyote Afrika, mita 5895. Lakini nilishtuka. Theluji niliyoizoea katika picha za vitabu haikuwepo. Kulikuwa na vipande vyeupe tu huku na huku, kama shuka iliyoraruka. Mwalimu alitueleza kuwa tangu mwaka 1912, barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nikaanza kuwa na wasiwasi juu ya jibu langu.

Kijiji cha Challa kiko kaskazini mwa mji wa Taveta. Ukifika huoni ziwa. Unaona kilima cha kawaida chenye vichaka. Unapanda, unapanda, halafu ghafla ardhi inakatika mbele ya miguu yako, na chini kabisa, kama mita mia moja, unaona maji. Rangi yake siwezi kuieleza vizuri; ni buluu iliyoingiwa na kijani. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Chala ni ziwa la kreta, yaani limekaa katika shimo lililoachwa na volkano. Eneo lake ni kama kilomita 4 mraba tu, lakini kina chake hufikia mita 90 na zaidi. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati yake. Humo mna aina ya samaki, jamii ya ngege, ambaye kiasili hapatikani popote pengine duniani. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa matope ya chini ya ziwa hili zaidi ya mita 200, kwa sababu tabaka za matope hayo huhifadhi kumbukumbu za mvua na ukame wa maelfu na maelfu ya miaka. Wazee wa huko nao wana kumbukumbu yao. Husimulia kwamba hapo palikuwa na manyatta ya Wamaasai iliyozama na watu na ng'ombe wake, na kwamba ukitega sikio utasikia mifugo ikilia chini ya maji. Mimi nilitega, nikasikia upepo.

Pale ukingoni nilimkuta msichana wa rika langu na mtungi wa lita ishirini, wa manjano, sawa kabisa na wa kwetu. Nilimwambia, "Nyinyi mna bahati, dada. Ziwa lote hili!" Alicheka akaniuliza kama nimewahi kupanda ukingo ule na maji mgongoni. Akasema, "Ziwa liko karibu na macho, lakini liko mbali na mtungi. Na huko chini mna mamba." Hakuwa akitania. Mwaka 2002 mgeni mmoja kijana aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea humo. Tangu hapo nikaacha kusema kwamba kila anayeishi kando ya ziwa ana bahati.

MAJI HUTOKA WAPI BASI?

Tuliketi pale ukingoni, mwalimu akatupa jibu lake. Nitalieleza kwa hatua ili anayebisha asome polepole.

Kwanza, upepo kutoka Bahari ya Hindi huja umebeba mvuke. Unapita juu ya nchi tambarare kama yetu bila kuangusha kitu, kwa sababu hakuna cha kuuinua.

Pili, upepo huo ukigonga Kilimanjaro hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na mvuke hugeuka mawingu. Ndiyo yale mawingu tuliyoyalalamikia pale Maktau.

Tatu, mvua haiangukii kileleni sana. Kileleni ni pakavu, karibu jangwa. Mvua nyingi huanguka katikati ya mlima, penye msitu. Upande wa kusini, katika ukanda wa msitu, hunyesha zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Sisi wa nyanda za chini za Makueni mara nyingi hatufiki milimita 600. Tena msitu hukamata hata ukungu. Matone hukwama kwenye majani na kuvu za miti, kisha hudondoka chini.

Nne, miamba ya volkano ina nyufa na matundu kama sponji. Maji ya msitu huzama, husafiri polepole chini ya ardhi, na hutokeza pale ardhi inapokuwa na tundu. Chala ni tundu hilo. Chemchemi za Taveta nazo ni vivyo hivyo.

"Na mbona maji ya Chala si ya chumvi?" akauliza mwenzangu mmoja. Swali zuri. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea huwa la chumvi, kama Magadi, kwa sababu jua hunyonya maji na kuacha chumvi. Chala ni maji baridi, basi lazima kuna mlango. Mlango huo nao uko chini ya ardhi. Maji huingia kwa chini na hutoka kwa chini.

Kwa hiyo, msomaji, jibu langu la darasani lilikuwa makosa. Theluji ni pambo zaidi kuliko pipa. Barafu imepungua kiasi hicho, lakini Chala halijakauka. Kinacholisha ziwa ni mvua na msitu. Na hapo ndipo penye hatari, maana msitu unaweza kuungua au kukatwa kwa siku chache. Oktoba 2020 moto mkubwa ulizuka huko mlimani, na Oktoba 2022 ukazuka tena.

Katika Jiografia tunasoma kuhusu maziwa ya milima ya Alps huko Ulaya, kama Geneva, Como na Garda, ambako watalii humiminika kutoka mji hadi mji kwa meli wakiota jua. Maziwa hayo yalichongwa na barafu kubwa za kale, na letu lilichimbwa na moto wa volkano. Lakini yana kanuni moja: ziwa la chini ni mtoto wa mlima wa juu. Mama akiugua, mtoto hukosa maziwa.

ZIWA JIPE

Kama Chala lilitufundisha afya, Jipe lilitufundisha ugonjwa. Jumapili tulikwenda kusini mwa Taveta hadi kijiji cha Mkwajuni. Ziwa Jipe nalo limegawanywa na mpaka. Ng'ambo yake imesimama milima ya Upare, na asubuhi ile ilikuwa ya buluu na jua liliwaka hadi kwenye mabonde yake. Kwa uzuri wa kutazama, Jipe halina mshindani. Upande mmoja mbuga ya Tsavo na ndovu wake, upande mwingine milima, katikati maji na ndege weupe.

Lakini maji yenyewe yalikuwa wapi? Tulianza kwa kuona matete. Matete marefu kuliko mtu, mwendo mrefu. Wavuvi wamekata njia nyembamba katikati yake, na mitumbwi hupita hapo kwa kusukumwa kwa upondo. Tulimkuta mzee mmoja akishona wavu. Tulipomwamkia, "Shikamoo, babu," aliitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akatusogezea magogo tukae. Alisema akiwa kijana mtumbwi ulifungwa karibu na nyumba, na samaki waliuzwa kwa vikapu. Siku hizi husukuma mtumbwi muda mrefu kabla ya kuona maji meupe, na viboko hujificha humohumo kwenye matete, kwa hiyo kila safari ni roho mkononi.

Sababu ni hii. Jipe hulishwa na mto Lumi unaotoka Kilimanjaro, pamoja na vijito vya Upareni. Si refu kwenda chini. Sehemu kubwa haifiki hata mita tatu. Miteremko ya juu inapolimwa bila matuta na miti inapokatwa, mvua hubeba udongo hadi ziwani. Udongo hujaa, ziwa huwa jembamba, matete hupata mahali pa kuota, na matete huzuia udongo zaidi. Bandu bandu huisha gogo. Hakuna aliyekusudia kuliua ziwa. Kila mtu alilima shamba lake tu.

Na tatizo haliishii hapo. Maji ya Jipe hutoka kwa mto Ruvu, yakaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu huko Tanzania, yakawa mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme, na mwishowe yakamwagika baharini kwenye mji wa Pangani. Hebu fikiri, tone lililoanguka msituni Kilimanjaro linaweza kumpa mtu ndizi, samaki na taa kabla ya kuonja chumvi.

SISI WA KATHONZWENI TUNAHUSIKAJE?

Utasema, haya yote ni ya Wataveta na Wapare. Ngoja. Nilikuambia ukumbuke vilima vya Chyulu. Juu ya Chyulu hakuna mto hata mmoja, lakini chini yake kuna chemchemi za Umani kule Kibwezi, chemchemi za Makindu, na Mzima ambayo maji yake yamekuwa yakinywewa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Ni hesabu ileile ya Chala. Mvua huzama kwenye majivu ya volkano, hutokeza chini. Tena ndugu zetu wa Emali na Sultan Hamud wamekuwa wakipata maji ya bomba la Nol Turesh, yanayotoka chini ya Kilimanjaro upande wa Oloitokitok. Kwa hiyo mlima ule ni wetu pia, hata kama kilele kiko nchi jirani.

Na hapa nyumbani? Hatuna Kilimanjaro, lakini tuna vilima vya Mbooni, Kilungu na Nzaui, na tuna mchanga. Mchanga wa mto ndio ziwa letu. Maji ya mvua hujificha humo jua lisiyanyonye. Ndiyo sababu wazazi wetu hujenga mabwawa ya mchanga, wakachimba silanga na matuta ya "fanya juu" mashambani. Ndiyo sababu pia kaunti yetu ilipitisha sheria ya mchanga mwaka 2015. Lori moja la mchanga likiondoka usiku, ni mitungi mingapi imeondoka? Mwaka jana mimi mwenyewe nilishangilia kupata vibarua vya kupakia mchanga wakati wa likizo. Nilinunua viatu. Sasa nikimwona mama akitoka saa nane usiku, viatu hivyo hunibana.

KWA ATAKAYEKWENDA

Ukitaka kwenda, fanya haya. Uamke alfajiri, maana mlima hujifunika mapema. Usiogelee Chala hata kama maji yanakuita. Huko Jipe usikaribie matete bila mwenyeji, kwa sababu ya viboko. Usivuke mpaka ovyo. Mstari hauonekani majini lakini upo. Fika soko la Taveta Jumamosi. Na uamkie watu.

Tulirudi Kathonzweni usiku wa Jumapili. Mwalimu aliniuliza mbele ya wote, "Haya, maji ya Chala hutoka wapi?" Nikajibu, safari hii kwa sauti ndogo, "Hutoka mawinguni, mwalimu, yakapitia msituni." Wakanipigia makofi. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amelala tayari, maana zamu yake ya mtoni ilikuwa imebakiza saa nne. Sikumwamsha. Nilichukua mtungi, nikamwendea mimi.

Hapo natua kalamu. Wasalaam.